Matanga Katika Pori la Leta

Nilipoulizwa kama kutakuwa na biashara, nilijibu hapana. Nilijibu upesi, kama mtu anayeulizwa kama amebeba silaha. Yule bwana wa ofisi hakuinua macho. Aliandika hapana yangu mahali pake, akageukia swali lililofuata.

Hiyo ilikuwa Kabambare, katika chumba chenye dirisha moja, na nilikuwa nimefika na vumbi la njia mpaka kwenye kope. Kutoka kwetu Kasongo nilikuja nyuma ya pikipiki, nikishuka kila penye daraja la magogo ili dereva avuke kwanza peke yake, halafu mimi nifuate kwa miguu huku nikiyaona maji chini katikati ya magogo. Sikuwa nimezoea ofisi. Niliacha shule kabla ya kumaliza ya msingi, na tangu hapo kila chumba chenye meza na mtu nyuma yake kinanirudisha kwenye benchi la mtoto asiyejua jibu.

Nilikuja kuomba ruhusa ya kumaliza matanga ya baba yetu.

Baba amelala katika kijiji chetu cha zamani, ng'ambo ya mji wa Wamaza, mwendo wa miguu kutoka mahali pikipiki inapoishia. Leo kijiji hicho ni matongo: michikichi, migomba iliyorudi kuwa ya mwitu, mafiga yaliyozama udongoni. Pori linalokizunguka lilikuwa la wanyama wa serikali tangu enzi za babu, lakini wakati huo hakuna aliyekuja kutuonyesha mpaka uko wapi, nasi tulilima. Kisha ukaja mwaka wa kukimbia vita. Baba alikufa katika siku hizo, tukamzika bila jeneza na bila wimbo, tukashika njia. Mama alitufikisha Kasongo, akaishi kidogo, naye akaondoka kwa ugonjwa. Nikabaki na wadogo zangu watatu, wa mwisho akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Tulipotuma mtu baadaye kwenda kuliangalia kaburi, alirudi akasema vibao vya bati vimepigiliwa kwenye miti na kuna walinzi wenye bunduki. Watu wa kwetu huliita pori la Leta, yaani la serikali, na mtu anapotamka Leta hushusha sauti kidogo.

Kwa miaka yote hiyo matanga ya baba hayakumalizwa. Matanga kwetu hayamalizwi popote tu. Humalizwa kaburini, vitu vya marehemu vikiwa hapo na wajukuu wake wakiwa hapo. Mpaka siku hiyo mtoto wa kwanza hanyoi nywele kwa furaha wala hachezi ngoma. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye harusi za rafiki zangu wote, nikipiga makofi tu. Ningeweza kuendelea hivyo mpaka nizeeke, lakini mdogo wangu wa kike akaposwa. Wakwe walikuwa wakulima kama sisi, wa kanisa kama sisi. Walileta neno lao kwa upole: hawawezi kumchukua msichana ambaye baba yake bado analiliwa, kwa sababu atakuja na kilio nyumbani mwao. Hakuna aliyewalaumu. Sisi pia tungesema hivyo hivyo.

Bwana wa ofisi hakuwa mkali. Alinieleza kwamba kila mtu anayetaka kufanya jambo ndani ya pori anaomba: anayetaka kurina asali ya kuuza, anayetaka kupiga picha za filamu, wahubiri wanaotaka kufunga na kuomba juu ya kilima. Mkusanyiko una karatasi yake na biashara ina karatasi yake, na huwezi kuingia na hii ukafanya ile. Aliuliza tutaingia kwa njia gani na tutatoka lini. Aliuliza juu ya moto. Halafu akauliza juu ya biashara, akafafanua: muuza pombe, muuza mikate, mtu yeyote anayepanga vitu chini na kuita wanunuzi. Katika akili yangu niliwaona akina mama wa soko la Kasongo na mabeseni yao ya karanga, mimi mwenyewe nikiwa mmoja wao, nikasema hapana, hakuna kitu cha namna hiyo.

Alinisomea masharti polepole. Ruhusa ilikuwa ya siku moja, tangu jua kuchomoza mpaka kuzama. Moto mmoja wa kupikia, juu ya udongo mtupu. Hakuna bunduki, mtego, wala nyama ya porini kuingia au kutoka. Hakuna kukata mti. Hakuna kuuza wala kununua. Mwishoni, jina la mwenye jukumu. Hapo palikuwa na jina langu, na niliweka sahihi yangu ya darasa la nne chini yake.

“Kukionekana kosa, hatutatafuta nani amelifanya,” alisema. “Tutakukamata weye. Umesikia, mama?”

Nilisema nimesikia.

Nilikuwa nimesikia kweli. Jirani yetu mmoja Kasongo alikutwa porini na mtego wa waya. Aliingia ndani wakati watu wanapanda karanga, akatoka karanga zimeshachimbwa na kukaushwa. Kwetu mtu aliyefungwa hulishwa na nyumba yake. Mke wake alitembea na bakuli mpaka mbuzi wakaisha, kisha mabati ya nyumba yakaanza kushuka. Siku aliporudi, watoto wake walimtazama kama mgeni. Na yule alikuwa na mke. Njia nzima ya kurudi, nyuma ya pikipiki, nilikuwa najiuliza jambo moja: nikifungwa mimi Kabambare, nani ataleta bakuli, na nani atabaki na wale watatu? Mdogo wangu wa kike angeacha kuolewa. Wavulana wangeacha shule kama nilivyoiacha mimi. Nilikuwa nimewashika wote kwa mikono miwili miaka yote ile, na sasa mikono hiyo nilikuwa nimeiweka juu ya meza ya mtu.

Nyumbani nilifanya kitu ambacho sikumwambia mtu mwingine. Nilimwita mdogo wangu wa kike, nikamwonyesha mfuko wa karanga mtupu, nikamwambia nisiporudi aweke humo blanketi langu, sabuni, kikwembe kimoja, yaani kitenge, cha kubadili na sahani ya bati. Sahani asisahau, nilimwambia, maana ndani hakuna sahani.

“Yaya, basi tuache,” alisema, akiniita dada kwa neno la kwetu. “Miye nitangojea.”

“Umeshangojea,” nilimjibu. “Sahani usisahau.”

Tulikwenda watu wachache kuliko nilivyoandikisha. Wengine waliposikia kwamba kuna walinzi walikumbuka kazi za shamba. Alikuwapo baba mdogo, yaani ndugu wa baba, mzee mkavu anayejua kila hatua ya matanga na asiyesamehe hata moja. Walikuwapo wadogo zangu. Na walikuwapo wajukuu, ambao wasingekosa hata kama pori lingekuwa la moto. Mkubwa wao alikuwa mjukuu wa kaka yake baba, mwanamke mwenye mvi nyingi kuliko zangu, ambaye kwa ukoo ananiita shangazi. Alipenda sana kuniita hivyo mbele ya watu, kisha kuuliza kwa sauti kama shangazi ameshaota meno.

Wasomaji wa mbali huenda hawajui wajukuu ni nani katika msiba wetu. Watoto hulia, wajukuu hucheka. Ndiyo kazi yao. Mjukuu huvaa nguo za marehemu na kutembea kama yeye, hukohoa kama yeye, huzuia njia, hunyang'anya vitu, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Wanaondoa uzito. Bila wao, husema wazee, kilio hakina mlango wa kutokea.

Tuliingia kwenye vibao asubuhi, umande ukiwa juu ya majani. Karatasi niliikunja, nikaitia katika mfuko wa plastiki, nikaufunga kwa uzi shingoni. Kila hatua niliushika. Niliogopa mambo mengi pamoja. Niliogopa walinzi, na niliogopa watu wengine wa porini wenye bunduki ambao si walinzi, wale ambao kila mwaka hubadilisha jina. Niliogopa kwamba mmoja wetu ataokota kobe njiani kwa mazoea, au atakata fito, au atawasha sigara na kuitupa. Nilikuwa nyuma ya msafara kama mchungaji wa mbuzi wasioaminika. Nyani walipopiga kelele juu ya miti, mdogo wangu wa mwisho aliokota jiwe kuwarushia, nami nilimshika mkono kwa nguvu hata akatoa machozi.

Mjukuu yule aligeuka akanitazama.

“Shangazi,” alisema, “weye unaogopa karatasi kuliko chui.”

“Chui hajui jina langu,” nilisema.

Watu walicheka. Mimi sikuwa nimefanya mzaha.

Kaburi tulilijua kwa mchikichi ambao baba mwenyewe aliupanda. Tulifyeka kwa mikono, tukapanga mawe, baba mdogo akaomba. Alipomaliza tulilia kidogo, kilio cha watu ambao machozi yao yalishakauka barabarani siku nyingi, halafu alinyoa nywele zetu sisi watoto, mmoja baada ya mwingine, na kuzifukia. Moto wetu mmoja uliwaka juu ya udongo niliokwangua mwenyewe mpaka pakawa kama uwanja. Bukari, ugali wetu, ilipikwa, na sombe, yaani kisamvu, yenye mawese. Nilianza kuhesabu jua. Lilikuwa bado juu. Nilidhani tumekaribia kupona.

Ndipo wajukuu walipofungua soko.

Nilijua kwamba watalifungua. Nimeliona katika kila matanga tangu utoto. Vitu vya marehemu haviwezi kugawiwa watoto wake kabla wajukuu hawajavinyang'anya na kuviuza tena kwa wenyewe. Bei ni ya mzaha: yai, chumvi ya kujaza kiganja, au kitendo. Ukishalipa, kitu kimetoka mikononi mwa marehemu na kuwa chako. Ukikipokea bure, ni kama hukununua kilio chako, nacho kitakufuata mpaka nyumbani. Nilijua haya yote kama ninavyojua njia ya kisimani, na ndiyo maana nilipoulizwa na Leta kama kutakuwa na biashara, sikuyaona. Hakuna mtu wa kwetu ambaye angeyaona. Niliyaona pale tu mjukuu alipotandika majani ya mgomba chini, akapanga juu yake vitu ambavyo mama alikimbia navyo kichwani, koti la baba, jembe lisilo na mpini na chungu kilichopasuka mdomo, akaanza kuita wanunuzi.

Mtu yeyote anayepanga vitu chini na kuita wanunuzi. Nilisikia sauti ya yule bwana wa ofisi sikioni, neno kwa neno.

Nilimwendea baba mdogo nikamnong'oneza kwamba jambo hili limekatazwa, lipo katika masharti, tuache. Alinitazama kama nimeomba tumfukue ndugu yake. Aliniambia kwamba tumevuka mito na vibao kwa ajili ya jambo hili, na kama hatulifanyi basi tumekuja kula bukari porini. Kisha akaenda kununua koti. Bei yake ilikuwa chumvi, akalipa. Jembe lilinunuliwa na mdogo wangu mkubwa wa kiume. Alitakiwa kuita mbwa kama baba alivyowaita, na kwa kuwa hakumkumbuka vizuri alikosea, wajukuu wakamcheka na kumfundisha mpaka akapata. Niliposikia mwito ule kati ya michikichi, nywele zilinisimama, kana kwamba nilikuwa bado nazo. Lakini macho yangu hayakutoka kwenye njia.

Yule mjukuu mwenye mvi aliniona ninavyotazama njia. Mjukuu mwema hutafuta kitu unachokithamini kuliko vyote. Alikuja kwa nyuma, akiwa amevaa koti la baba alilolikopa tena kwa baba mdogo, akakohoa kikohozi cha baba karibu na shingo yangu. Nilipogeuka, uzi ulikuwa umekatika. Alikuwa na karatasi mkononi.

Nilimwomba anirudishie. Nilimwambia si mchezo. Lakini kila mtu kwenye matanga husema si mchezo, na maneno yale ndiyo yanayompa mjukuu furaha. Alipanda juu ya jiwe, akaitoa karatasi katika plastiki, akaiinua juu ya kichwa chake cheupe, akaita watu waje.

“Kuyeni, batu ya Kasongo, batu ya Wamaza. Sasa ninauza pori ya Leta. Muhuri iko, sahihi ya shangazi iko. Ninaiuza na nyani zake, na nguruwe zake, na walinzi zake wote wenye buti. Nani ananunua?”

Wote walikuwa wanacheka. Hata mdogo wangu wa kike alikuwa anacheka, na sikuwa nimemwona akicheka hivyo tangu aposwe. Kisha kicheko kikakatika upande mmoja, kama moto unaomwagiwa maji, ukimya ukatufikia mmoja mmoja. Niliona buti kwanza. Walinzi walikuwa wawili, wamesimama pale njia inapoingia matongoni, na sijui walikuwa hapo tangu lini.

Mdogo kati yao aliishika bunduki kwa mikono miwili. Mkubwa aliiacha yake begani. Alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ya chini, na lafudhi yake haikuwa ya kwetu. Niliiogopa sauti ile kuliko kama angepaza.

“Nani anauza hapa?”

Mjukuu alikuwa bado juu ya jiwe, karatasi juu, kana kwamba mkono ulikuwa umesahau kushuka.

“Mukubwa wa hapa ni nani?”

Nilisimama. Nilifikiri: ukimbie uende wapi, jina lako liko juu ya muhuri. Nilifikiri juu ya sahani ya bati. Nikasema, “Ni miye.”

“Karatasi.”

“Iko pale,” nilisema, nikaonyesha mkono wa mjukuu.

Mlinzi alitazama karatasi, akatazama majani ya mgomba na chungu na chumvi. “Karatasi ya Leta iko inauzwa,” alisema, si kama swali.

Mjukuu alishuka kutoka juu ya jiwe. Nilimwona uso. Mzaha wote ulikuwa umemtoka, akawa mwanamke mzee tu katika koti kubwa. Alininyooshea karatasi kwa mikono miwili ili niichukue. Na hapo, nyuma yangu, baba mdogo alisema kwa utulivu, “Usimupe bure.”

Yule mlinzi kijana alisogeza bunduki. Nilielewa alichosikia: mzee anadai pesa mbele ya bunduki ili kutoa karatasi ya serikali. Kila mtu aliyekuwa pale alikuwa neno moja tu mbali na jambo baya. Mkono wangu ulikuwa umeshanyooka kupokea. Ningeipokea bure, ningempa mlinzi, pengine ningekwenda nyumbani na wadogo zangu, na kilio kingekwenda nasi, na yule msichana angengojea mpaka azeeke kama mimi. Niliurudisha mkono.

Nilizungumza na mlinzi mkubwa. Sikumbuki kila neno, na nilizungumza vibaya, nikirudia rudia. Nilimwambia kwamba huyu ni mjukuu wa marehemu, na kazi yake leo ni kutunyang'anya na kutuuzia vitu vyetu wenyewe, na baba mdogo hadai pesa kwao, anaogopa tu kwamba kitu kikirudi bure msiba haufungwi. Nilimwambia niliulizwa ofisini kama kuna biashara nikajibu hapana, na sikudanganya.

“Sikujua kama hii ni biashara,” nilisema. “Kwetu ni kilio. Kama kwenu ni biashara, kosa ni langu, si la hawa.”

Alitazama kaburi, kisha vichwa vyetu vilivyonyolewa. Alimgeukia mjukuu.

“Bei yake ni nini?”

Mjukuu alijibu: “Acheze.”

“Nani?”

“Shangazi. Acheze kama babu. Hajacheza tangu babu alikufa.”

Mlinzi aliangalia jua. Yule kijana alimtazama mkubwa wake akingojea amri, na mimi pia niliingoja. Nilisikia mawese yakichemka juu ya moto wetu mmoja.

“Basi anunue,” alisema. “Halafu tutaandika.”

Hakukuwa na ngoma. Baba mdogo alianza kupiga makofi, polepole, na mtu mmoja akamfuata, kisha mwingine. Baba yetu alicheza kama mtu anayelima: mgongo umeinama, mikono inakwenda chini na kurudi, miguu haiondoki sana mahali pake. Watu walikuwa wakimtania kwamba hata kwenye harusi anatafuta magugu. Niliinama. Mwili wangu ulikuwa unatetemeka, na sikuweza kutofautisha kutetemeka na kucheza. Mbele yangu niliona buti za aina moja, na pembeni yake miguu mitupu ya mdogo wangu wa mwisho, ambaye hakumjua baba na alikuwa ananitazama ili amwone. Kwa ajili ya miguu ile nililima vizuri. Nililima mstari mzima. Nilipofika mwisho nilijinyoosha, nikaweka mkono kiunoni kama baba alivyokuwa akiuweka, na mtu mmoja kati ya wajukuu akatoa sauti ya kucheka ambayo ilikuwa pia ya kulia.

Mjukuu aliniwekea karatasi mkononi. Nami nilimpa mlinzi. Aliisoma yote, akaikunja, akaitia mfukoni mwake na kufunga kifungo.

“Kesho kutwa, biro ya Kabambare,” alisema, yaani ofisini kule kule. “Weye na ule muuzaji. Musipokuja, tunajua njia ya Kasongo.”

Waliinua mfuniko wa kila chungu kutafuta nyama. Walimwaga maji juu ya moto wetu kabla bukari haijaliwa yote. Walitusindikiza mpaka kwenye vibao, mmoja mbele na mmoja nyuma, na hakuna aliyezungumza isipokuwa baba mdogo, ambaye alipokipita kibao cha mwisho alisema, bila kumwambia mtu yeyote, “Yamekwisha.”

Kwangu mimi yalikuwa yanaanza. Niliwaweka wadogo zangu kwenye njia ya Kasongo pamoja na baba mdogo. Mdogo wangu wa kike hakulia. Aliniuliza tu ni kikwembe kipi, nikamwambia kile cha bluu. Mimi na mjukuu tulilala Wamaza kwa watu wa kanisa, kisha tukashika njia ya Kabambare, kwa miguu na kwa pikipiki, kila tulipopata. Mwanzoni aliendelea na kazi yake. Alisema tukifungwa ataomba chumba chenye dirisha, maana yeye sasa ni mfanyabiashara mkubwa, ameuza pori. Tulipoanza kuona mabati ya Kabambare alinyamaza. Aliushika mkono wangu, yeye mwenye mvi, na kwa mara ya kwanza aliniita shangazi bila mzaha wowote.

Tulingojea nje ya chumba kile chenye dirisha moja tangu asubuhi. Watu waliingia na kutoka. Mwanamume mmoja alitoka akiwa amefungwa mikono kwa kamba ya nailoni, akapitishwa mbele yetu, na kamba ilikuwa nyekundu. Mpaka leo nikiiona kamba ya rangi hiyo sokoni nageuza uso.

Bwana wa ofisi alikuwa yule yule. Ripoti ya walinzi ilikuwa mbele yake. Aliisoma akitembeza kidole, na kidole kiliposimama alimtazama mjukuu.

“Hapa imeandikwa kwamba uliuza koti, jembe, na hifadhi.”

“Niliuza, bwana.”

“Hifadhi?”

“Yote. Na ninyi ndani yake.” Alisema hivyo kwa hofu tupu, kama mtoto anayeungama, na ndiyo maana haikuonekana kama dharau. “Shangazi alilipa kwa kucheza. Sikumupunguzia hata kidogo.”

Hakucheka. Aliondoka na ripoti, akaingia chumba cha pili, na kupitia ukutani tulisikia sauti yake na sauti ya mtu mwingine, lakini si maneno. Sauti ya pili ilipanda. Mjukuu alikuwa anaomba kwa midomo. Mimi sikuomba. Nilikuwa nahesabu watu wa Kabambare ambao wangeweza kumpikia mfungwa wa Kasongo, na sikumpata hata mmoja.

Aliporudi alikaa, akaandika kitu chini ya ripoti, akapiga muhuri. Alituambia twende. Alisema siku nyingine nikiulizwa swali nijibu kwa mambo yote, si kwa yale ninayoyajua mwenyewe tu.

Nilikuwa nimeshasimama. Miguu ilitaka mlango, lakini nilimuuliza: kama ningesema tangu mwanzo kwamba kutakuwa na soko la wajukuu, angenipa karatasi gani, ya mkusanyiko au ya biashara?

Alifikiri. Nadhani alifikiri kweli.

“Sijui,” alisema. “Ningeuliza.”

Karatasi yangu hakunirudishia, wala hakunipa nyingine inayosema kwamba jambo limekwisha. Sina kitu cha kuonyesha. Mdogo wangu alikwisha kuolewa, nilicheza kwenye harusi yake, na bado pikipiki inaposimama wakati usio wake mbele ya nyumba yetu, mimi hungoja kwanza nisikie ni buti au ni ndala.

Lakini siku ile nilirudi. Nilifika Kasongo jioni, watu wakitoka kanisani na wengine wakielekea msikitini. Mlangoni kwetu palikuwa na mfuko wa karanga uliofungwa vizuri kwa kamba, umejaa, umesimamishwa ukutani tayari kwa safari ya asubuhi. Wadogo zangu watatu walikuwa ndani wakipika. Walipouona uso wangu hawakupiga kelele, walisimama tu. Wa mwisho alitazama mfuko, akanitazama mimi, akauliza kama sasa aufungue.

Nilimwambia aufungue. Alishindwa na fundo, mdogo wangu wa kike alikuwa amelikaza sana, ikabidi waje wote. Kilichotoka kwanza ni sahani. Walikuwa wameiweka juu kabisa, ili isisahaulike. Mdogo wangu wa kike aliipangusa kwa kikwembe chake, akanipakulia humo.